Ukuta wa Mwokaji

Betri aliyoiunda mdogo wangu ilimuunguza kinyozi mikono yote miwili, na mimi, mwenyekiti wa chama cha mafundi betri, nilisimama mbele ya mafundi wenzangu sitini nikasema mdogo wangu ni mwizi wa siku. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini uongo usioujua huharibu nyumba vilevile.

Nieleze kazi yetu kwanza. Betri ya kompyuta ya kupakata ikifa, ndani yake kuna seli sita au nane, kila moja kama kidole gumba cha mtu mnene. Mara nyingi mbovu ni moja au mbili tu, zilizobaki ni nzima ila zimehukumiwa pamoja na wenzao. Sisi tunazinunua kwa kilo, tunazifungua, tunazipima, na zile nzima tunaziunganisha upya kuwa betri kubwa: ya taa za duka, ya mashine ya kunyolea, ya pikipiki ya umeme. Nilipoanza tulikuwa mafundi wanne mji mzima, watu wakituita waokota takataka. Siku hizi pikipiki za umeme zimejaa kila mtaa na waliokuwa wakitucheka wanaleta watoto wao wafundishwe.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Seli mbovu haina kovu. Ukiijaza chaji, mita inakuambia volti nne na ushee, sawasawa na nzima. Ila ndani inavuja polepole, na siku moja ikiwa imebanwa katikati ya wenzake mia, inashika moto. Ili uijue, lazima uilaze. Unaijaza, unaandika tarehe na volti ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, unaiweka rafuni, unaiacha siku kumi na nne bila kuigusa. Ukirudi unaipima tena. Iliyoshuka unaitupa, hata kama imeshuka kwa upana wa unywele.

Hakuna aliyenifundisha hilo. Shule niliacha darasa la tano. Niliugua homa wiki mbili, nikasahau trei ya seli zilizojaa, niliporudi nikakuta baadhi zimeshuka na nyingine zimekaa palepale. Nikazifungua zile zilizoshuka, nikaona madoa meusi ndani. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na moja, betri yangu haijawahi kuunguza hata kitambaa cha meza. Nalisema hili bila aibu: nilikuwa fundi bora, na nilijua.

Mdogo wangu nilimfundisha miaka sita. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na akikosea anaanza upya bila kunung'unika. Alipotaka duka lake, nilitoka naye kutafuta chumba. Nikamchagulia mwenyewe, chini ya ngazi za jengo la ghorofa, saruji tupu, ubaridi kama ndani ya mtungi.

"Hapa hapa," nikamwambia. "Seli hazipendi joto."

Kila fundi anajua hivyo. Nilijiona nimempa zawadi.

Mwaka wa pili betri yake ikawaka kwa kinyozi, asubuhi, mteja yuko kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi aliikumbatia ikiwaka akaitupa nje. Ndiyo maana mteja yule yuko hai, na ndiyo maana mikono ya kinyozi iko kama ilivyo.

Chama kikaita mkutano. Mdogo wangu akasimama na aproni yake ya kazi, hata hakuivua.

"Nililaza siku kumi na nne, kaka," akasema. "Zilizobaki dukani zina tarehe. Njoo uzisome."

"Kalamu huandika chochote," nikamjibu.

Watu wakacheka. Wengine walipiga meza. Nikaona nimesema neno la kiume, nikaongeza lile la mwizi wa siku: kwamba siku kumi na nne zilimshinda, akalaza nne, akaandika kumi na nne.  Mdogo wangu alivua aproni, akaikunja taratibu kama nguo ya marehemu, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka. Wiki iliyofuata nikasikia anaziba pancha kwenye kona ya soko. Hatukuongea tena. Mama akawa anatualika chakula kwa zamu, yeye Jumamosi, mimi Jumapili, na kila mara ananiambia, "Jana mwenzio alikaa hapo hapo ulipokaa." Mimi namwomba chumvi.

Nilidhani nikishamtoa mbovu, wazima tutapona. Wapi. Wateja hawakuchagua. Kwao betri ya fundi ikawa bomu, awe fundi gani. Tukaenda ofisi ya viwango kuomba cheti. Bwana mmoja mpole akatuambia, "Nitakupeni cheti cha nini? Betri za kuunda upya hazina kiwango. Hakuna mahali palipoandikwa nzuri ni ipi."

"Si tuandike?" nikamuuliza.

"Kiwango hakiandikwi kwa kujisifu, mzee. Kinaandikwa kwa utafiti."

Ndipo ushirikiano ukaanza: chuo kikuu, ofisi ya viwango na chama chetu. Karatasi moja, sahihi tatu. Ya kwangu ilikuwa katikati, kubwa kuliko ya profesa. Mke wangu alipoiona alisema, "Yako kama ya mtu anayefukuza kuku." Lakini aliitia kwenye fremu.

Chuo kikamleta Daktari wao, wa elimu si wa hospitali. Binti wa rika la mwanangu wa kwanza, miwani mikubwa, viatu vya kukanyagia tope. Nilitegemea atanisomea kitabu. Akapindua ndoo, akaikalia, akasema, "Baba, nifundishe kulaza."

Nikamfundisha. Karakana yangu ni ndogo. Mlangoni meza ya kupimia, katikati mashine ya kuunganishia, na nyuma kabisa rafu ya kulazia, imeegemea ukuta ninaoshirikiana na mwokaji mikate. Pembeni ya rafu kuna kigoda changu. Nina mgongo mbovu tangu ujana, na kila asubuhi hukaa pale nikinywa chai, mgongo ukutani, mpaka unyooke. Mwokaji ni mtu wa utani. Akinipita mlangoni na sinia lake huuliza, "Wanao wamelala? Umewafunika vizuri?"

"Wamelala. Usiwapigie kelele na koleo lako."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Tukaanza. Seli mia nane za shehena moja, tukagawana, mia nne rafuni kwangu, mia nne maabara kwake chuoni, chumba cheupe chenye kiyoyozi. Siku kumi na nne. Kwangu zilishuka sitini na moja. Kwake tisa.

"Mita yako inadanganya," nikamwambia.

"Au yako, Baba."

Tukapima seli zilezile kwa mita zote mbili. Mita zilisema kitu kimoja. Basi Daktari akazileta zile zake mia tatu tisini na moja zilizofaulu, tukazilaza rafuni kwangu siku nyingine kumi na nne. Zikashuka arobaini na nane. Tukazipasua, kila moja ikatutolea doa lake jeusi. Zilikuwa mbovu tangu mwanzo, na chumba chake cheupe kiliziachia.

Sitaki kudanganya, nilijivuna. Nilizunguka mitaa nikiwaambia watu kwamba rafu yangu imekishinda chuo. Daktari akakaa kwenye ndoo yake, kalamu mdomoni.

"Kwa nini, Baba?"

"Mkono wa fundi."

"Mkono haugusi. Zimelala tu." Akatikisa kichwa. "Sijui. Kwa kweli sijui."

Sikuwahi kumsikia msomi akisema sijui bila kuona haya. Nikamheshimu kuanzia hapo. Lakini kamati ya kiwango ilikuwa inasubiri, na rasimu ikaandikwa: seli zilazwe siku kumi na nne. Sentensi yangu, ya mtu wa darasa la tano. Tulibakiza fungu moja tu la mwisho la kuthibitisha, seli mia nne, rafuni kwangu.

Fungu lile lilipolala, mwokaji akafunga duka. Sakafu ya tanuri lake ilikuwa imepasuka, akaivunja yote ajenge upya. Wiki hizo mgongo ulinitesa mpaka mke wangu akawa ananivalisha soksi.

"Uzee huo," akasema. "Umekuja na mizigo yake."

Nikapima fungu. Zilishuka kumi na tatu tu. Nikafurahi! Nikampigia Daktari kwamba shehena ya safari hii ni safi ajabu. Akanijibu, "Ni shehena ileile, Baba. Magunia yaleyale."

"Basi tumepata bahati."

Siku ya tatu baadaye mwokaji akawasha tanuri. Nilifika asubuhi, nikakaa kigodani, nikaegemea, na mgongo ukaanza kulegea kama kamba iliyotiwa maji. Nikasema "Aah" kwa sauti. Kikombe kikabaki hewani. Niligeuza shingo, rafu ya seli ilikuwa sentimita chache kutoka begani mwangu, imeegemea ukuta uleule.

Niliweka kiganja ukutani. Palikuwa na joto la mtu mwenye homa.

Miaka kumi na moja mgongo wangu ulijua jambo ambalo kichwa changu hakikujua. Joto kwa seli ni kama pombe kwa mtu: mwenye siri ataitoa. Halikuzifanya mbovu, liliziharakisha tu kuvuja, na kwa siku kumi na nne zikawa zimejitaja. Penye baridi zilihitaji miezi. Kwenye chumba cheupe cha Daktari zilikaa kimya. Na chini ya ngazi, kwenye saruji niliyoichagua mimi kwa kinywa changu, zilikaa kimya vilevile.

Nyani haoni kundule. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Sikumwambia mtu. Nilizichukua zile mia tatu themanini na saba zilizofaulu, nikazirudisha rafuni tanuri likiwaka, nikasubiri. Daktari akipiga simu kudai karatasi ya vipimo nasema bado. Nilikuwa na njia mbili, na zote nilizijua. Nikinyamaza, rasimu inapita, jina la chama chetu linaingia kitabuni, na mafundi mia watalaza seli kwenye vyumba vya baridi na kuandika tarehe za kweli ubavuni mwa mabomu. Nikisema, sentensi yangu inakufa, na kila mtu atajua nilimvua mdogo wangu nguo hadharani kwa kosa la ukuta.

Siku ya kumi na nne nilipima. Arobaini na sita zilishuka.

Nikaenda kona ya soko, saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa amechutama juu ya beseni la maji, anazungusha mpira akitafuta mapovu. Alikuwa amekonda usoni. Hakuinua macho.

"Gurudumu gani?"

"Sina gurudumu."

"Basi umepotea. Hapa ni pancha tu."

"Ni ukuta," nikasema. "Ukuta wa mwokaji. Una joto. Seli zinashuka kwa sababu ya joto. Kwako palikuwa na baridi ndiyo maana hazikushuka. Chumba nilikuchagulia mimi."

Mpira ukaacha kuzunguka. Povu moja likapanda likapasuka.

"Miaka sita ulinifundisha," akasema. "Ukuta hukuutaja."

"Sikuujua."

"Na kalamu je?"

Hilo ndilo nililoogopa njia nzima.

"Kalamu iliandika kweli," nikasema. "Mdomo wangu ndio uliosema uongo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Nilitegemea tusi, na nilikuwa nimejiandaa kulipokea. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Hapa unaniambia mimi na beseni," akasema. "Kawaambie walewale waliocheka. Walewale, kaka. Usiniletee wapya."

Lile neno "kaka" nilitembea nalo mpaka nyumbani. 

Kamati ilikaa wiki iliyofuata kwenye ukumbi wa ofisi ya viwango, na nilihakikisha wale sitini wote wamekuja. Aliyedai ana kazi nilimfuata kwake. Kinyozi naye aliitwa kama mtumiaji. Mdogo wangu alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, mikono myeusi kwa gundi ya mpira. Bwana mpole akaanza kusoma rasimu. Alipofika kwenye sentensi yangu nikasimama.

"Futa hiyo," nikasema.

Nikawaeleza kila kitu, kuanzia mgongo. Walicheka kwenye mgongo, wakaacha kucheka kwenye ngazi. Kisha nikatoa aproni. Miaka yote ile ilikuwa kwenye droo yangu, na wala sikuwahi kujiuliza kwa nini siitupi. Nikatembea nayo mpaka safu ya nyuma.

"Niliyemwita mwizi wa siku alilaza siku zote kumi na nne," nikasema. "Aliyeiba ni mimi. Nilimwibia jina."

Mdogo wangu aliipokea. Hakuivaa. Aliinusa, akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, "Hata kufua hukufua?"

Ndipo wakacheka, na safari hii sikuona ubaya wa kicheko.

Daktari alikuwa ameshika kichwa. Nilidhani nimemharibia kazi. Kumbe analia na kucheka pamoja. "Baba," akasema, "umenipa jibu, halafu unaomba radhi?"

Halafu kinyozi akasimama. Watu wakaitazama mikono yake.

"Mimi sikuja kusikia nani mwizi," akasema. "Mashine yangu inataka betri. Nataka kujua siku gani nitaweza kununua nyingine nikaiweka dukani, nikaipa mgongo nikimnyoa mteja bila kuogopa."

 Kazi ilianza upya kwa ajili ya swali hilo.

Tulikwenda miezi mingine kumi na sita. Chuo kilileta vipimajoto, tukalaza seli kwenye joto la aina tano, mahali patatu: karakana yangu, maabara ya Daktari, na chini ya ngazi, ambapo mdogo wangu alifungua tena mlango. Mwokaji alijitolea ukuta wake na kuanza kujiita mtafiti. Tulipasua kila seli iliyoshuka. Tuliunda betri nzima kwa makusudi zenye seli mbovu ndani, tukazichoma uwanjani chuoni tujue zinawaka vipi.

Tatizo likabaki moja: si kila fundi ana mwokaji nyuma ya nyumba. Hilo alilimaliza mdogo wangu. Alichukua friji iliyokufa, akaitoa matumbo, akatia balbu mbili, feni ndogo na swichi ya joto ya pasi kuukuu. Ukifunga mlango, ndani panakaa digrii arobaini na tano usiku na mchana. Daktari aliipima wiki tatu akitafuta kosa. Hakulipata.

"Nani alikufundisha?" akamuuliza.

"Huyu," mdogo wangu akanionyesha kwa kidole. "Ila yeye huegemea, mimi natengeneza."

Kiwango kimetoka mwaka huu. Kina kurasa thelathini na moja na nimezisoma zote, nikiwa na kidole chini ya mstari. Kulaza kumo, siku kumi, kwenye kabati la digrii arobaini na tano. Ukurasa wa kumi na tisa kuna mchoro namba mbili: friji ya mdogo wangu, imechorwa kwa mistari myembamba kama kitu cha kiwanda kikubwa. Watu kutoka nchi jirani wamekuja kuutazama. Mama hasomi, lakini aliuomba ukurasa ule, akauweka ndani ya kabati la vyombo, na sasa Jumapili tunakula wote, kelele mpaka majirani wanalalamika. Betri ya kwanza kupigwa muhuri aliiunda mdogo wangu. Iko kwa kinyozi, nyuma ya kiti, na anaipa mgongo.

Nimeulizwa na mafundi vijana ilikuwaje mpaka tukaaminiwa, kana kwamba tuliokota. Nawahesabia. Seli elfu tatu na mia sita zililazwa. Betri mia moja na arobaini tuliziunda na kuzichoma kwa mikono yetu. Miezi ishirini na miwili ya kazi, kuanzia sahihi mpaka muhuri. Miaka mitatu na miezi minne bila neno baina yangu na mdogo wangu. Na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa kinyozi, cha pete na kidogo, ambavyo mpaka leo havikunjiki.